Kumbukumbu za Kikao cha Nne

Waliohudhuria: tisa. Waliotoa udhuru: wawili,
mmoja ana harusi Bahla, mwingine hakutaka kuonekana.
Mwandishi ni mimi, Rayya binti Mundhir,
mzaliwa wa Wete, mwajiriwa wa baladia ya Ghuwaifa
kwa sababu mwandiko wangu wa Kiarabu hauna haraka.
Pembeni mwa daftari ninaandika Kiswahili,
lugha ambayo karatasi ya kikao na jiwe la wafu
vyote viwili ni kumbukumbu.

Ajenda: kipilefti cha kuingilia mji.
Mhandisi Hamyar ana mchoro wa dele,
dele la saruji, mita sita, mdomo kwenye barabara kuu,
usiku litawashiwa taa za njano.
"Nani atagombana na kahawa?"

Vijana wanataka jiwe.
Majina thelathini na moja ya waliopanda mlima
na bunduki za babu zao,
wakashuka, wale walioshuka, mikono kisogoni,
huku nyuma ndege zikizidi kuponda kuta za udongo
hata maji ya falaji yakasahau njia.

Hapo tulipoteza saa nzima kwa neno moja.
Kijana: andika mashahidi.
Mzee Musabbah: andika waasi.
Mwenyekiti: andika wahusika.
Nikaandika, nikafuta, karatasi ikatoboka.

Mzee Musabbah aliendesha lori la maji la jeshi.
Mguu wake wa kushoto ulibaki kwenye kona
ambapo leo pana kituo cha petroli.
Hakupaza sauti.
"Nikienda msikitini nitalipita jiwe hilo
mara tano kwa siku, kwa mguu huu mmoja.
Jina la aliyetega bomu limo. Silijui ni lipi.
Basi yote thelathini na moja yatakuwa yeye."

Hakuna aliyegusa tende.

Bi Shinuna si mjumbe. Alikuja kuchukua sinia
akakaa.
Baba yake yuko chini ya ukuta wa tatu, hajafukuliwa.
Alitoa kikaratasi kilichokunjwa miaka mingi
hata kimekuwa laini kama kitambaa.
"Msimwite shahidi; mama alisema aliogopa.
Msimwite mwasi; alimfuata kaka yake tu.
Andikeni kwamba anadaiwa.
Mitungi miwili ya asali ya mkunazi,
alikopa kabla ya vita, hakuwahi kulipa.
Andikeni na hilo, apitaye ajue alikuwa mtu."

Mzee akaomba karatasi. Akatafuta miwani.
Akalisoma jina la mdai, akalirudia:
la baba yake mwenyewe.
"Asali," akasema, "nimesamehe."
Akakunja karatasi kwa mikunjo yake ile ile.
"Mguu, bado."

Wajumbe wakakohoa, mmoja baada ya mwingine,
kama watu waliomeza moshi.
Mimi sikukohoa.
Baba yangu alipokiaga kisiwa
kibao cha mtaa wetu kilikuwa na jina jipya,
rangi haijakauka.
Hakulalamika. Ila kila barua aliyotuma
aliandika anwani ya zamani, miaka kumi,
na zote zilifika.
Kumbe tarishi naye alikuwa anakumbuka
kwa mshahara wa hao hao waliobadilisha.

Maazimio.
Dele lijengwe.
Suala la jiwe lisogezwe hadi kikao cha tano,
kama lilivyosogezwe kikao cha pili, na cha tatu.
Mengineyo: mbuzi wazuiwe kulala penye ukuta wa tatu.
Hili halikupingwa na mtu,
na Mzee Musabbah ndiye aliyejitolea seng'enge.

Adhana ya magharibi ikatukata.

Penye lile neno niliacha nafasi,
upana wa vidole viwili.
Mwenyekiti akasaini bila kuiona,
ama aliiona.