Mwezi wa Tano, Mvumi

Mvua imetuaga bila kugeuka nyuma.
Upepo wa baridi unapekua majani ya maboga,
nalo boga moja limebaki kichuguuni
kama mgeni asiyeonyeshwa pa kulala.

Mlenda nimeuanika juu ya bati la banda.
Maji niliyooshea vyombo nayapeleka kwenye mchicha,
sufuria baada ya sufuria;
dumu sasa ni mia tano.

Sechelela, mbegu ulizofunga kwa karatasi za daftari
nimezitundika juu ya mafiga, zile moshi.
Bamia. Kunde. Tango la kienyeji.
Na kifurushi kimoja hukukiandika jina.

Desemba nitazipanda hivyo hivyo, karibu na mlango.
Zikichomoza nitakupigia simu huko uliko,
nikuulize:
nani huyu?