Mistari Miwili

Fomu imekuja na boti kutoka Unguja:
jina, shahada, mwaka wa kuhitimu, namba ya leseni.
Hayo nimeyajaza bila kuinua mkono.
Kisha: Eneo la utafiti.
Wameacha mistari miwili.

Naandika: Kifafa. Nafuta.
Naandika: Maradhi ya ubongo na mishipa ya fahamu,
kama kibao cha mlango wangu hapa Wete
ambacho hakuna anayekisoma. Watu huuliza tu,
"Daktari wa vichwa yupo?"

Shangazi Bishara alikuwa akipepeta mchele.
Akasita, ungo hewani,
akasema, "Nasikia karafuu zinaungua."
Na si msimu. Mikeka yote imekunjwa darini.
Mimi, miaka saba, niliijua kazi yangu:
kusogeza jiko, kuondoa kisu, kuhesabu.
Watu wazima walilikimbia povu lake.
Nilihesabu mpaka mia na arubaini,
wala sikumwambia mtu kwamba napima.

Alifia kisimani, mwaka nilipokwenda skuli Unguja.
Hakukuwa na wa kuhesabu.

Nimesomea mbali, kwa lugha
ambayo pua ina kitenzi chake na sikio lake.
Profesa aligusa picha kwa rula,
pande lile la kando, juu ya sikio:
hapa hufika sauti.
Na huku ndani, jirani yake, harufu.
Darasa likaandika. Mimi nikacheka peke yangu.
Kwetu twasikia hodi, twasikia uvundo wa dagaa,
kitenzi kimoja, ukuta mmoja.
Sikusema. Lugha yao nilikuwa bado najikwaa nayo.

Jumatano tunapima.
Mize, fundi wa mashine, zamani alikuwa msusi.
Hupenyeza waya kati ya mistari ya twende kilioni
asifumue hata msuko mmoja,
huku akiuliza harusi imefikia wapi, na bei ya unga.
Umeme ukikatika twakaa kizani, watatu,
mmoja wetu na waya ishirini na moja kichwani,
na hapo ndipo ninapouliza:
"Kabla hujaanguka, unasikia nini?"

Daftari limejaa.
Mpira unaoungua.
Udi, lakini udi wa msibani.
Mzee wa Kojani: matope ya mikandaa, maji yakishatoka.
Bibi harusi wa Konde, kwa haya, ameinamia viganja:
utosi wa mtoto mchanga.
Akaniomba dawa isimwondolee hiyo.
Sijui niiweke safu gani.

Mbarouk Faki wa Mtambwe hasikii kitu.
Huanguka kama nazi,
na kazi yake ni kuchuma karafuu.
Nilimwambia, usipande.
Akanitazama kama mtu aliyeambiwa asile.
"Daktari, unao mkarafuu mfupi?"
Sikuwa nao. Nilikuwa na vidonge vya miezi miwili,
na bohari kuu inasema subirini.

Alianguka kutoka tawi la tatu.
Mkono tu, walisema, alhamdulillahi, mkono tu.
Alipokuja kufungwa plasta
nilimuuliza tena, kwa ukaidi wangu: hata kidogo?
Akafikiri. "Kimya," akasema.
"Ndege wananyamaza."
Nimekaa na neno hilo wiki tatu.
Si harufu. Lakini ni jirani wa harufu,
ukuta ule ule.

Boti inaondoka saa moja.
Mize amesimama nyuma yangu, anachungulia.
Naandika kwa herufi ndogo, zienee:
Dakika iliyo kabla.
"Watakuelewa?" anauliza.
Hapana. Lakini mstari mmoja umebaki,
na hapo naomba nisichoulizwa:
vidonge, tafadhali,
karafuu hazijaiva.