Tarehe ya Kurudi

Kampuni imenipangia Ndola, miaka miwili,
kuhesabu saruji ya watu wengine.
Nauli ya ndege ipo: mtu mmoja, mabegi mawili.
Nikasema hapana, nitaendesha.
Nina Raum ya rangi ya fedha, mlango wa nyuma haufungi bila teke,
na nina mbwa.

Pale Chang'ombe ofisini wakanicheka.
Gari uza, utanunua jingine huko.
Mbwa mwache, mbwa si mtoto.
Nikanyamaza kama mtu aliyekwisha kulipa.

Wakala wangu, Gwakisa, ana chumba kimoja Gerezani
na feni inayotikisa kichwa kukataa kila hoja.
"Gari linatoka kwa muda," akasema,
"kwa hiyo lazima lidhaminiwe."
Namba ya injini. Namba ya chesisi.
Pesa ya dhamana, iliyonikausha koo.
Mstari wa mwisho: tarehe ya kurudi.
Nikaijaza, mkono haukutetemeka.
Chini ya boneti bado kuna stika ya Kijapani
ambayo hakuna fundi aliyewahi kunisomea.
Gari hili lilishushwa bandarini hapa hapa,
ukipiga kelele kutoka kwenye kiti changu wanakusikia.
Siku ile hakuna aliyeliuliza kwao litarudi lini.

Temeke, kwa daktari wa mifugo, foleni ya kuku na mbuzi mmoja.
Dokta Malugu akamwinua mezani
kama anayeinua gunia la mtu mwingine.
"Jina?"
"Watasema."
"Watasema nini?"
"Ndiyo jina lenyewe, dokta."
Marehemu kaka yangu ndiye aliyempa,
mwaka aliorudi nyumbani bila kazi, bila mke,
na kitoto cha mbwa ndani ya shati.
Walisema. Kisha wakachoka.
Kaka akaenda zake; jina likabaki
likipiga doria uani.

Chanjo ya kichaa, vidonge vya minyoo,
punje ya chuma chini ya ngozi ya shingo.
Mhuri ukalowa upande mmoja.
Nikangoja swali. Dokta akafunga kalamu.
Mbwa haulizwi.

Usiku nikatandaza makaratasi kitandani.
Ya gari kumi na moja. Ya mbwa manne.
Yangu, pasipoti na barua moja:
tarehe ya kuripoti, miaka miwili,
kisha maneno madogo mwishoni, *au zaidi*.
Kwa hiyo katika nyumba hii nzima ya Mtoni Kijichi
mwenye uhakika wa kurudi Dar
ni Raum.

Jirani yetu, Bi Mgeni, kazaliwa nyumba ile ile anayoishi.
Miaka saba hajamgusa mbwa huyu.
Akipita hukusanya kanga, huambaa na ukuta wa pili.
Na kila alfajiri, adhana ikianza,
Watasema huitikia kwa mlio mrefu wa peke yake,
na Bi Mgeni hugonga bati la uzio:
"Mnyamazishe mwenzio!"

Saa kumi na nusu, giza, injini inapasha moto.
Mbwa akagoma.
Akakaa getini kwa uzito wake wote,
uso kwenye mlango wa chumba cha kaka.
Nikabembeleza. Nikavuta kamba. Nikamtukana,
kisha nikamwomba radhi.
Adhana ikaanza. Akainua shingo.
Tukangoja, mimi, yeye, na injini.
Bati halikugongwa.

Akatoka Bi Mgeni na mfuko mweusi,
wali wa jana, mifupa ya ng'ombe.
Akauweka siti ya nyuma kwa ncha za vidole,
akarudi hatua tatu, akanawa kwa maji ya kopo.
Mbwa akapanda mwenyewe.
"Na mimi sasa nani ataniamsha?"
Hakuwa ananiuliza mimi.

Nikapiga teke mlango wa nyuma. Haukufunga.
Nikapiga tena.