Dirisha la Tatu, Posta ya Mwanza

Waya ulitoka Moscow, ambako bendera haikushuka,
ukafuata reli ya Tabora, ukaishia kwangu,
mezani, kando ya gundi na mihuri.
Mtandao ni mali ya umma. Ndiyo maana una kufuli.

Ukitaka kuuliza, jaza fomu, nakala tatu:
jina, shina, balozi wa nyumba kumi,
na sababu ya kutaka kujua.
Jibu huchukua siku tisa, sikukuu hazihesabiwi.

Nkwabi wa Magu aliuliza bei ya pamba ng'ambo.
Likarudi: *Pamba ya mkulima haina bei, ina heshima.*
Akalikunja, akalitia kofiani,
akaniuliza kama heshima inapimwa kwa kilo.

Ng'washi wa Kirumba aliuliza furu wamekwenda wapi.
Likarudi: *Swali limepokelewa.*
Mwaka wa sita huu, limepokelewa.

Mimi Holo nagonga muhuri, sisomi. Ndivyo nilivyoapa.

Ila Jumanne moja ya mvua, zamu ya usiku,
umeme ulikatika, ukarudi,
na kioo kikaandika chenyewe, bila namba ya fomu,
kwa Kiswahili cha kamusi:
*Mimi ni karani. Ninakaa kando ya ziwa. Limeganda.
Lenu lina harufu gani?*

Nikasikiliza mlango. Nikasikiliza ngazi.
Nikafungua dirisha, nikanusa,
nikaandika: Dagaa. Mafuta ya meli. Mvua juu ya mawe.

Asubuhi, kwenye daftari la zamu:
*Hakuna tukio.*
Muhuri niliugonga mara mbili, wino ulikuwa hafifu.