Tanuri Baada ya Mkate

Kisiwani Flores chumvi haimwagiki.
Unatikisa kichupa, unakigonga mezani,
imeshikana donge moja.
Viatu vya Jumapili huota kuvu kabla ya Alhamisi,
na bado kaka yangu Eusébio aliamini
kwamba transfoma iliyolala miaka thelathini na minane
chini ya ngazi, nyuma ya magunia ya viazi,
itaamka kwa kubonyezwa swichi.

Ile ya kwanza aliiharakisha, nami nilikuwepo.
Volti elfu mbili zilitafuta njia katika karatasi mbichi
zikaipata.
Mlio mmoja tu, kama ukuni wenye fundo,
kisha harufu ya lami kwenye mapazia hadi Pasaka.

Safari hii nikamwambia: ilete kwangu.
Saa tano asubuhi mkate umeshatoka,
matofali ya tanuri yamebaki na joto
la kuweka kiganja na kuhesabu hadi nane.
Si la kuchoma. La kubembeleza.

Tukaipima kwanza kwenye mizani ya unga:
kilo kumi na moja, gramu mia nne na sita.
Chuma, shaba, karatasi,
na yule mpangaji asiyelipa kodi.

Kabla ya kuiingiza alizungusha mpini wa mega:
megaomu tisa.
Jioni, ikiwa ya moto, akapima tena:
mbili.
Akaketi juu ya gunia la ngano, akavua miwani.
"Tumeiua, Hermínia."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.
Miaka hamsini nimeoka,
sijaona kitu kilichokauka bila kutoka jasho kwanza.
Maji yaliyolala yakiguswa na joto
huamka, huhangaika, hupapasa ukuta yakitafuta mlango.
Mgonjwa hapimwi uzito katikati ya homa.
Irudishe ndani, nikasema, ukalale.

Siku ya pili, mbili na nusu.
Siku ya tatu Dona Zulmira alirudisha mkate:
"Huu una ladha ya barabara."
Nikamlipa, sikumweleza.
Siku ya nne, kumi na nne.
Usiku wa sita sindano ilipita mia tano
na kaka yangu, msemaji kuliko redio zake zote,
akakosa neno.

Ilipopoa tukairudisha mizanini.
Pungufu: gramu thelathini.
Nikachota bombani vijiko sita vya chai,
nikavimimina kikombeni ili aone
ni kiasi gani kilichomshinda:
masika yote ya kisiwa, ukungu wa bandarini,
na mvuke wa supu za mama, aliyepika
hatua tatu kutoka zile ngazi.
Alikitazama kikombe muda mrefu.

Akapaka nta kwenye kila ufa.
Akaunganisha balbu njiani, iwe mlinzi.
Iliwaka, ikafifia, ikazima.
"Giza ndiyo dalili njema," akaninong'oneza,
na chini ya giza lile
chuma kikaanza kuvuma, kwa sauti ya chini,
kama mtu anayesafisha koo
kabla hajaamua la kusema.

Sikungoja alisema nini.
Saa tisa usiku hamira hainisubiri.
Na yale maji ya kikombeni
niliyatia kwenye unga.