Funga, Fungua

Mwalimu Bihemo aliandika ubaoni herufi mbili,
akazitia kistari kama mpini wa kikaango.
"Hizi hubandikwa kichwani mwa neno la Kiingereza,
neno likageuka, likarudi lilikotoka."
Shule ya Isevya, saa nane mchana,
honi ya treni ikamkata kauli, akasubiri, akaendelea.

Akasema asili yake ni mbili.
Moja ilikuja kukana: siyo, sivyo.
Ya pili ilikuja kulegeza kilichokazwa.
Mama mbalimbali, ila karne zimewavika sare moja,
na siku hizi hata wenyewe Waingereza
hawaulizi huyu ni wa nani.

Mimi nilikuwa namwaza baba.
Stesheni ya Tabora, usiku, taa mkononi,
anainama katikati ya mabehewa kuyaachanisha:
haya Mwanza, haya Kigoma,
matatu ya nyuma Mpanda.
Baba hakufungua kitu kwa kuanzia kichwani.
Kwetu kufungua kuko mkiani.
Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Tega, tegua.
Kitenzi kinatangulia, hakina habari,
na huko nyuma kabisa ka-u kadogo
kenye grisi hadi viwikoni
kanachomoa pini.

Nikanyoosha kidole. "Na yasiyofunguka, Mwalimu?"
"Mfano?"
Sikuwa nao. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.

Mfano ulikuja Machi,
behewa lililosukumwa kabla ya ishara.

Nililala nikijaribu maneno.
Penda, pendua: hakuna asemaye hivyo.
Fa.
Nikalitia u mkiani, kama tulivyozoea,
nikapata fua.

Basi mama akafua.
Mashati manne ya kazi, koti la shirika,
leso aliyofungia funguo.
Sabuni ya mche, beseni lenye ufa.
Maji yakatoka meusi, yakatoka kijivu,
yakatoka meupe, na mama bado anasugua.

Akaanika.
Wingu likapanda upande wa Uyui,
wanawake wa msiba wakalitazama, wakatazamana.
Kuanika kunajulikana ni kwa nani.
Kuanua je?

Aliyeanua ni Mwalimu Bihemo, aliyekuja kutoa pole.
Hakusema neno, kwa lugha yoyote.
Alizikunja vibaya, mikono nje, kola chini,
akaziweka mkekani, akatoka kwenye manyunyu.

Mama akazikunjua,
akazikunja upya.