Mfuko Namba 317

Zamani, anasema mama, watu wa Tororo walipolalamika
kiwanda kilirefusha dohani.
Mita thelathini zikawa sitini.
Moshi haukupungua hata chembe,
ulijifunza tu kutupa mbali,
ukavuka vilima
ukaenda kuwakohoza watu tusiowajua majina.
Hapa tukashukuru Mungu. Ndivyo tulivyokuwa.

Siku hizi mimi ndiye ninayeufua moshi.
Nikisema hivyo matangani, watu hucheka:
"Kwa sabuni gani, Nyafwono?"
Kwa kitambaa, nawajibu.
Mifuko elfu moja mia mbili na minne,
kila mmoja mrefu kuliko mlango wa kanisa,
imening'inia gizani kama soksi za majitu.
Moshi unaupenya mfuko kutoka nje, hewa inapandia ndani,
vumbi linabaki limeshikilia ngozi.
Kila baada ya dakika mbili kompresa inatema
pwah!
na mfuko unashtuka kama mtu aliyeitwa usingizini,
vumbi linaporomoka,
linarudi tanurini kuwa saruji.
Salfa tumeiachia chokaa. Unga mweupe
unapuliziwa kwenye koo la bomba
na ile asidi inauma chokaa,
inasahau kutuuma sisi.

Haina picha ya kupiga, kazi hii.
Ikienda vizuri, juu ya dohani huoni kitu.

Jumanne moja, saa tisa usiku,
mstari kwenye skrini ya Obbo ukainua kichwa.
Tukamwaga unga wa kung'aa ndani ya mkondo,
tukazima taa zote,
tukapita juu ya mifuko na tochi ya zambarau
kama wezi wa kuku.
Safu ya kumi na nne: kijani, kama kimulimuli.
Tundu lisilozidi sarafu ya shilingi mia.

Mama hakuhitaji tochi.
Alfajiri ile alipitisha kidole kwenye jani la mgomba,
akakitazama, akanipigia simu:
"Leo mmelala kazini."

Nikaung'oa mfuko, nikautupa nyuma ya stoo.
Nikaenda kulala.

Wiki mbili baadaye niko nyumbani, uani,
na mama ameanika ulezi
juu ya kitambaa kirefu, kizito, cha rangi ya jivu.
"Nimekipata kwa mlinzi, elfu mbili tu.
Kizuri, hakipitishi unyevu."
Pembeni, kwa wino wangu mwenyewe:
317.

Nilipiga magoti, nikaanza kukusanya kwa viganja,
kisha nikaacha. Kukusanya nipeleke wapi?
Nikamweleza kilichomo kwenye zile nyuzi,
kila tulichokizuia kisimfikie
nikakiruhusu kipite getini kimekunjwa, kwa elfu mbili.
Hakunigombeza. Aliuliza tu
kama kuku wanaweza kupewa.
Nikasema kuku nao huliwa.
Madebe mawili. Tulichimba shimo hadi jua likazama,
naye akawa anahesabu kwa sauti ndogo
palizi, mavuno, siku za kufukuza ndege.

Sasa mifuko mizee ina daftari na kufuli,
na mlinzi hanisalimii.

Kuna jambo jingine, sijamwambia bado.
Kuna hewa moja haikamatwi na kitambaa,
chokaa haiijui,
haina rangi wala harufu,
kidole chake hakitaipata kwenye jani lolote.
Kila usiku inanipita pale juu bila kuonyesha kitambulisho,
tani kwa tani, safi kama maji ya kunywa.

Leo asubuhi amefua shuka.
Amezianika upande uleule wa kiwanda, makusudi,
na ameniita nizione zilivyo nyeupe.
Naziona, mama.
Kisha macho yananipanda yenyewe,
juu ya kamba, juu ya mgomba,
juu ya dohani pasipo na kitu.